Kwa Nini Mtepe Haukupigwa Misumari

Makumbusho ya Lamu yanatazama bahari, katika mji ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Ndani yake imo mifano midogo ya vyombo vya Waswahili, na miongoni mwao umo mtepe: omo lake refu limeinuka, tanga lake la mraba limesukwa kwa miyaa, na mbao zake zimeungwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Katika kiunzi chote hamna msumari. Ni rahisi kuutazama na kuhitimisha kwamba wazee walishona vyombo kwa kuwa chuma hawakuwa nacho, na kwamba kilipofika wakaachana na kamba. Hitimisho hilo linarudiwa sana, nami naliona si sahihi. Kwa karne nyingi watu wa pwani hii walikuwa na chuma mikononi, na bado wakachagua kushona. Aliyeukosa ukweli huu ameukosa mtepe wenyewe.

Tuanze na ushahidi ulio dhidi yangu. Mwongozo wa wafanyabiashara ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, unaojulikana kama Periplus ya Bahari ya Eritrea, unataja vyombo vya kushonwa katika pwani ya Azania, yaani pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Mwongozo huohuo unaorodhesha mikuki, mashoka, visu na misharasi miongoni mwa bidhaa zilizoletwa kutoka Uarabuni. Basi yawezekana kabisa kwamba mwanzoni chuma kilikuwa adimu, na kushona kukaanzia hapo. Lakini mwanzo wa desturi ni jambo moja, na sababu ya kudumu kwake ni jambo jingine. Katika karne ya 12 mwanajiografia al-Idrisi aliandika kwamba Malindi na Mombasa zilikuwa na machimbo ya chuma, na kwamba chuma hicho kilikuwa biashara yao kubwa. Waakiolojia nao wamekuta mabaki ya uyeyushaji wa chuma katika pwani hiyohiyo, Galu, kusini mwa Mombasa. Watu wanaouza chuma ng'ambo hawashindwi kufua misumari ya majahazi yao. Hata hivyo waliendelea kushona kwa miaka mingine mia saba hivi.

Shahidi mwingine ni shajara ya safari ya Vasco da Gama. Mwaka 1498, walipofika kisiwa cha Msumbiji, Wareno waliona vyombo vikubwa visivyo na msumari hata mmoja, mbao zimefungwa kwa kamba na matanga ni ya miyaa. Papo hapo mwandishi wa shajara anaeleza kwamba manahodha wa vyombo hivyo walikuwa na dira, vipimo vya kupimia nyota na ramani za bahari. Habari hizo mbili zafaa kusomwa pamoja, kwa maana mara nyingi hutenganishwa. Mabaharia wanaonunua dira na kusoma ramani hawawezi kuwa watu ambao habari za msumari hazijawafikia.

Sababu iliyowafanya washone imo katika bahari yenyewe. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliieleza wazi alipozungumzia kamba za nazi: bahari hii imejaa miamba, na chombo kilichopigwa misumari kikigonga mwamba huvunjika, ilhali kilichoshonwa hujipinda kidogo na kubaki kizima. Anayelijua funguvisiwa la Lamu hahitaji ufafanuzi zaidi. Mikondo yake ni myembamba, mafungu ya mchanga huhama, na maji yakipwa chombo hubaki kimelala tumboni juu ya tope hadi yajae tena. Mitepe ilibeba boriti za mikoko, mzigo mzito usio na huruma kwa mbao, ikiingia vijito ambamo gati halijawahi kujengwa. Fundi alitoboa ukingo wa kila ubao kwa keekee, akapitisha kamba, akaikaza, kisha akaziba tundu kwa kigingi cha mti kinachoishikilia kamba hiyo. Ubao ukioza ulifunguliwa na kushonwa mwingine, na vifaa vingi vilitoka papo hapo pwani: mnazi, mkoko, mkoma. Msumari wa chuma, kwa upande wake, hula kutu katika maji ya chumvi na kuuozesha ubao unaouzunguka.

Msafiri Marco Polo alisema kinyume. Akiviangalia vyombo vya kushonwa huko Hormuz katika karne ya 13, aliviita vibovu na vya hatari, na akasema vingi vilizama. Shutuma hiyo haistahili kupuuzwa, kwani mtepe kweli ulivuja, na mabaharia wake walifua maji safari nzima. Isitoshe, kamba zilihitaji kubadilishwa mara kwa mara, jambo lililokula siku nyingi za kazi. Lakini Polo alikuwa akipima vyombo hivyo kwa safari ndefu ya bahari kuu hadi India, akivilinganisha na meli alizozizoea Venice. Mtepe wa Wabajuni, watu wa visiwa vya Lamu, ulikuwa chombo cha mwambao, na mahali pa kuuhukumia ni kati ya Faza na Zanzibar. Kuvuja kulikuwa gharama, nayo ililipwa kwa kujua ili chombo kisipasuke.

Gharama hiyo ndiyo iliyouondoa mtepe baharini hatimaye. Katika karne ya 19 misumari ya viwandani kutoka Ulaya ilifika kwa wingi na kwa bei nafuu, na jahazi la misumari likaweza kuundwa kwa mikono michache na kukaa muda mrefu bila matengenezo makubwa. Mtafiti James Hornell alipochapisha makala yake kuhusu mtepe mwaka 1941, alikuwa akieleza chombo ambacho tayari kilikuwa kimekwisha kutoweka. Kilichobadilika ni bei ya kazi na bei ya chuma. Miamba ya Lamu ilibaki palepale.

Lipo jambo jingine linalotupotosha, nalo lahusu namna makumbusho yanavyopata vitu. Katika Fort Jesus, ngome ya Mombasa, mgeni huoneshwa mabaki ya Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mwaka 1697 Waomani walipoizingira ngome hiyo, na ikachimbuliwa chini ya maji kati ya 1977 na 1980. Mizinga na chuma hukaa kwenye tope miaka mia tatu. Kamba ya kumbi husalia kwa nadra sana. Kwa hiyo wageni wa pwani yetu wana mabaki ya kuonesha, na wenyeji wana mfano mdogo wa kuwekwa mezani, pamoja na michoro ya vyombo iliyokwaruzwa kwenye kuta za Kilwa, Takwa na Fort Jesus. Asiyejua hilo hudhani kwamba kilichosalia ndicho kilichokuwa na maana.

Kwa tatizo hilo la vyombo kutosalia, Oman ilipata jibu moja. Kati ya 2008 na 2010, huko Qantab karibu na Muscat, iliundwa Jewel of Muscat, meli ya kushonwa iliyofuata mabaki ya chombo cha karne ya 9 kilichopatikana Belitung, Indonesia. Iliundwa bila msumari, kwa mbao za Ghana za jamii ya mbambakofi, ikasafiri hadi Singapore na kufika salama. Mtu anaweza kusema kazi kama hiyo ni anasa kwa nchi isiyo na utajiri wa mafuta. Lakini Matondoni, upande wa pili wa kisiwa cha Lamu, bado kuna mafundi wanaounda na kukarabati majahazi na mashua ufukweni, tena katika kijiji kinachojulikana pia kwa kusuka miyaa. Mtepe mmoja mdogo, ukishonwa pale mbele ya vijana na wageni, hauhitaji hazina ya Oman. Wanaosimamia makumbusho ya Kenya na wazee wa Matondoni wanapaswa kuketi pamoja sasa, wakati wasokotaji wa kamba za makumbi bado wapo. Na kibao kilicho mbele ya ule mfano wa Lamu kimweleze mgeni kwamba Malindi na Mombasa ziliuza chuma.