Ngoma, Mti na Shaba: Sanamu Tatu za Ziwa Tanganyika

Mwanafunzi anapoonyeshwa sanamu darasani na kutakiwa aieleze, aghalabu neno lake la kwanza huwa ni kwamba inafanana na mtu au haifanani. Akiona kichwa kikubwa kuliko miguu, husema mchongaji hakuijua kazi yake. Akiona mikunjo ya uso na mishipa ya mkono iliyotokeza, husema huyu ndiye fundi. Kipimo hicho hakukizua yeye. Alikipata katika vitabu vilivyoanza historia ya sanaa kwa Wayunani na Warumi, vikatuachia sisi ukurasa wa mwisho, chini ya picha ya kinyago kisicho na jina la mchongaji wala la kijiji. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kuwa kufanana si swali la kwanza la kuuliza. Swali la kwanza ni hili: sanamu inasimama badala ya nani, na ni nani waliotakiwa kumheshimu? Mifano yangu ni mitatu, na yote yahusu ziwa hili tunaloliona kila siku kutoka Bujumbura.

Husemwa mara nyingi kwamba Burundi haina sanamu. Ni kweli kuwa hatukurithi sanamu nyingi za umbo la mtu kama walivyorithi jirani zetu wa ng'ambo, yaani Wabembe, Waboyo na Watabwa. Lakini na tuitazame ngoma yetu. Huchongwa kutoka gogo zima la mti ambao jina lake lenyewe, umuvugangoma, limebeba neno ngoma. Sehemu zake zina majina. Ngozi ya juu ni icahi, jina la ngozi ya kumbebea mtoto mgongoni. Vigingi vinavyoishika ngozi ni amabere, yaani matiti. Iko urugori, taji la mwanamke aliyezaa. Iko inda, ndiyo tumbo. Na uko umukondo, ndio kitovu. Mwalimu wa lugha hahitaji ushahidi zaidi ya huo. Kitu hiki ni mwili wa mama, ingawa hakina uso. Tena Kirundi hutumia neno moja tu, ingoma, kwa maana ya ngoma na kwa maana ya ufalme. Karyenda, ngoma kuu ya ufalme, haikuwa chombo cha kuchezea bali ilikuwa mwenye nchi aliyechongwa kwa mti. Ufalme uliondolewa mwaka 1966, ngoma zikabaki. Na mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma ya kifalme ya Burundi, pamoja na uchezaji wake, katika orodha ya urithi wa wanadamu. Mtu akiiuliza ngoma hii kama inafanana na mama, atakuwa ameuliza swali la kipuuzi. Haikukusudiwa ifanane. Ilikusudiwa izae.

Sasa tuvuke ziwa na kuelekea kusini, hadi nchi ya Watabwa katika pwani ya magharibi. Miaka ya 1870 na 1880 palikuwa na mtawala mmoja aliyeitwa Lusinga. Hakuwa mtu wa kusifiwa ovyo. Alikuwa na bunduki, aliwakamata watu na kuwauza katika biashara ya utumwa, na msafiri Joseph Thomson, aliyefika kwake mwaka 1879, alimwandika kuwa mtu wa damu. Mwaka 1883 Mbelgiji Émile Storms, aliyetumwa na shirika la Mfalme Leopold, alijenga boma lake Mpala, akataka naye kuwa mkubwa wa nchi ile ile. Wakubwa wawili hawakuenea. Mwezi wa Desemba 1884 watu wa Storms walimwua Lusinga na kumkata kichwa. Kichwa kilipelekwa kwa Storms, na pamoja nacho sanamu ya mti iliyokuwa ya Lusinga.

Sanamu hiyo haifiki mita moja kwa kimo. Ni mwanamume aliyesimama wima, mikono yake ikiwa tumboni. Nywele zimesukwa kwa uangalifu mkubwa na kushuka mgongoni kama mkia mrefu. Chale zimepangwa juu ya uso na mwili kwa nukta zenye utaratibu. Mwanafunzi wetu atasema miguu ni mifupi mno, nasi tumwambie aachane na miguu kwanza, atazame nywele na chale, kwa kuwa huko ndiko mchongaji alikotumia nguvu zake. Katika Kitabwa mstari wa katikati ya mwili, unaougawa kulia na kushoto, huitwa mulalambo. Na pambo la pembetatu zilizopangwa safu, ambalo watu walichanjwa mwilini na kulichonga kwenye vyombo vyao, huitwa balamwezi, maana yake kuchomoza kwa mwezi mchanga. Msemaji wa Kiswahili hulisikia neno mwezi humo bila kuhitaji mkalimani. Basi chale hizo si urembo mtupu. Zinauandika mwili wa mtu kwa maandishi ya mbingu, giza likiisha na nuru ikirudi.

Wala sanamu hiyo si picha ya Lusinga mwenyewe. Mtaalamu Allen F. Roberts, aliyeichunguza habari hii kwa miaka mingi, aieleza kuwa ni ya mzee wa ukoo. Hapo ndipo penye uzito. Lusinga alikuwa mtawala wa juzijuzi, aliyepanda kwa bunduki na biashara. Naye alihitaji kile ambacho bunduki haitoi, yaani mababu. Sanamu ilimpa. Ilisema kwamba utawala wake ulikuwako kabla yake. Storms yamkini hakujua balamwezi ni nini, lakini alielewa vya kutosha kuwa kumwua mtu na kumwachia mababu yake ni kazi nusu.

Jina la aliyechonga sanamu hiyo halikuandikwa. Wakubwa wa makumbusho walizoea kudhani kuwa mchongaji wa Kiafrika hana jina, eti kabila lote limechonga. Dhana hiyo ilitikiswa na Mbelgiji Frans Olbrechts, ambaye katika miaka ya 1930 aliona kuwa vigoda na sanamu kadhaa kutoka upande huo huo wa Kongo, zenye nyuso ndefu za huzuni na viganja vikubwa, zilitoka katika mkono wa namna moja. Akamwita mchongaji huyo Fundi wa Buli, kwa jina la kijiji. Baadaye wazee wa huko walitaja jina hasa: Ngongo ya Chintu. Jina lilikuwako muda wote. Hapakuwa na aliyeuliza.

Mfano wa tatu ni sanamu ya shaba ya Storms mwenyewe, kichwa na mabega, iliyosimamishwa juu ya jiwe katika bustani ya watu wote mjini Brussels. Sanamu za namna hii asili yake ni Roma. Wakubwa wa Roma waliweka nyumbani sura za nta za mababu zao, wakazichukua katika maandamano ya mazishi ili wafu wa ukoo wamsindikize maiti. Baadaye wakachonga nyuso za wazee kwa mawe, na kila kunyanzi kwake, kwani kunyanzi lilikuwa ushahidi wa utumishi. Hivyo hata kufanana kule tunakokusifu darasani hakukuwa shabaha. Kulikuwa lugha ya kudai heshima, sawa na chale za Mtabwa. Storms wa shaba na babu wa Lusinga walifanya kazi moja: kuwaambia wapitao kuwa mamlaka yana mizizi.

Sanamu ya Lusinga ilikaa kwanza nyumbani kwa Storms kama nyara, kisha ikaingia katika makumbusho ya Tervuren. Fuvu lake lilipimwa na daktari Émile Houzé mwaka 1886, na hatimaye likawekwa katika taasisi ya sayansi ya viumbe mjini Brussels. Sanamu ya shaba nayo ilipata kumwagiwa rangi nyekundu, na mwezi wa Juni 2022 iliondolewa bustanini, ikapelekwa Tervuren. Leo muuaji na babu wa aliyeuawa wamo mikononi mwa makumbusho moja.

Siku chache baada ya hapo, tarehe 3 Julai 2022, Ubelgiji ilipitisha sheria ya kuwezesha vitu vya wakati wa ukoloni virudishwe. Kwa upande wa Kongo sheria hiyo yahusu vitu vilivyopatikana kuanzia 1885 hadi 1960, na mabaki ya miili ya watu hayamo. Lusinga aliuawa Desemba 1884. Sanamu imekosa kwa majuma machache. Fuvu lilikuwa nje tangu mwanzo.