Chamcha cha shule Marekani: Fomu moja inayoamua mtoto atalipa nini

MZAZI anayehamia Marekani akiwa na watoto wa umri wa kwenda shule hukabidhiwa rundo la karatasi za kujaza mwaka wa masomo unapoanza. Miongoni mwazo huwa mna fomu ya kuomba mlo wa bure au wa bei nafuu. Wapo wanaoiweka kando wakidhani ni ya mafukara pekee, na wapo wanaohofia kwamba serikali inawachunguza. Yamkini fomu hiyo isiporudishwa mtoto hutozwa bei kamili kila siku, deni likalimbikizana katika akaunti yake ya chakula na barua za kudai fedha zikaanza kufika nyumbani.

Kwa Mkenya utaratibu huu ni mgeni. Humu nchini mlo wa shule kwa miaka mingi umeelekezwa kwa maeneo, hasa kaunti kame, bila kupekua mapato ya kila boma. Hata mpango wa Dishi na County, ulioanzishwa jijini Nairobi mwaka wa 2023, uliweka bei moja ya Sh5 kwa mzazi yeyote ambaye mtoto wake anakula. Hakuna anayeulizwa hati ya mshahara. Marekani huuliza.

Mpango wa kitaifa wa chamcha shuleni ulianza kwa sheria iliyotiwa saini na Rais Harry Truman mnamo Juni 4, 1946. Ule wa kiamshakinywa ulifuata kwa majaribio mwaka wa 1966. Yote miwili iko chini ya Wizara ya Kilimo wala si ya Elimu, jambo ambalo huwashangaza wageni. Sababu ni kwamba waasisi walitaka kuwalisha watoto na papo hapo kuwatafutia wakulima soko la mazao ya ziada.

Viwango vya mapato

Familia ambayo mapato yake hayazidi asilimia 130 ya kiwango rasmi cha umaskini hupata mlo wa bure. Iliyo kati ya kiwango hicho na asilimia 185 hupata wa bei nafuu, ambao hauruhusiwi kuzidi senti 40 za dola kwa chamcha na senti 30 kwa kiamshakinywa. Katika mwaka wa masomo wa 2025/2026, familia ya watu wanne ilistahiki mlo wa bure ikiwa mapato yake ya mwaka hayakuzidi dola 41,795, na wa bei nafuu ikiwa hayakuzidi dola 59,478. Majimbo ya Alaska na Hawaii yana viwango vyake vya juu zaidi. Takwimu hizi hubadilishwa kila Julai, kwa hivyo aliyekataliwa mwaka mmoja asikate tamaa mwaka unaofuata.

Si kila mtu anayehitaji kujaza fomu. Watoto wa familia zinazopokea msaada wa chakula wa SNAP huidhinishwa moja kwa moja baada ya majina kulinganishwa katika kumbukumbu za serikali, na majimbo mengi hutumia pia kumbukumbu za Medicaid. Watoto wasio na makao, pamoja na wale waliokabidhiwa walezi na serikali, hustahiki mlo wa bure bila kujali mapato. Aidha, shule ambayo angalau asilimia 25 ya wanafunzi wake wameidhinishwa kwa njia hiyo ya moja kwa moja inaweza kuchagua kulisha kila mtoto bure. Kiwango hicho kilikuwa asilimia 40 hadi mwaka wa 2023.

Yapo pia majimbo yaliyoamua kulisha wanafunzi wote wa shule za umma. California na Maine zilitangulia mwaka wa 2022, Minnesota na Massachusetts, ambako Wakenya wengi wamelowea, zikafuata mwaka wa 2023, na New York mwaka wa 2025. Hata huko, shule huweza kuomba mzazi ajaze karatasi ya mapato kwa kuwa fedha nyingine za elimu hutegemea takwimu hizo.

Nani ni wa familia?

Penye utata mkubwa ni swali linaloonekana jepesi kuliko yote: nyumba ina watu wangapi? Fomu haiulizi ukoo. Inawahesabu wote wanaoishi pamoja na kushirikiana mapato na matumizi, wawe wana damu moja au la. Mpwa anayelelewa na shangazi yake anahesabiwa. Nyanya anayekaa na wanawe na kula nao anahesabiwa. Kwa upande mwingine, familia mbili zinazogawana kodi ya nyumba lakini kila moja ina mfuko wake hujaza fomu mbili tofauti. Kumwacha mtu nje kwa kudhani kwamba fomu inataka baba, mama na watoto pekee huifanya familia ionekane tajiri kuliko ilivyo.

Mapato yanayotakiwa ni yale ya kabla ya ushuru na makato mengine, wala si kiasi kinachoingia benki. Hapa ndipo Mkenya wa ughaibuni huumia. Dola 300 anazomtumia mamake kijijini kila mwezi, au karo ya nduguye, hazipunguzi chochote katika hesabu ya shule. Serikali inaziona kama fedha alizokuwa nazo. Kinyume chake, fedha ambazo jamaa wa nje ya nyumba humtumia mara kwa mara ni sharti zitajwe kuwa mapato.

Kosa jingine ni la kalenda. Kulipwa mara mbili kwa mwezi si sawa na kulipwa kila baada ya majuma mawili, kwani la kwanza huleta malipo 24 kwa mwaka na la pili 26. Chukua mzazi wa familia ya watu wanne anayepata dola 2,400 mara mbili kwa mwezi. Mapato yake ni dola 57,600 kwa mwaka, na kwa viwango vya 2025/2026 wanawe wangekula kwa bei nafuu. Akitia alama kwenye kisanduku cha majuma mawili, hesabu inakuwa dola 62,400 na ombi linakataliwa. Karani hana njia ya kujua kwamba kalamu iliteleza.

Kuhusu hofu ya uhamiaji, fomu haiulizi uraia wala kibali cha kuishi, na sheria ya mwaka wa 1996 hairuhusu mtoto anayestahiki elimu ya umma ya bure anyimwe mlo huu kwa sababu ya uraia. Huombwa tarakimu nne za mwisho za nambari ya hifadhi ya jamii ya mtu mzima anayetia saini. Asiye nayo hutia alama kwamba hana, na ombi huendelea. Wizara ya Kilimo imetafsiri fomu yake ya mfano kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, na ni vyema kuiomba shuleni badala ya kumtwika mtoto kazi ya ukalimani.

Fomu moja hutosha kwa watoto wote walio chini ya mamlaka moja ya shule. Inaweza kuwasilishwa wakati wowote wa mwaka, hivyo anayepoteza kazi Januari ana haki ya kuomba Januari. Shule ina siku 10 za kazi kutoa uamuzi, na anayekataliwa anaweza kukata rufaa. Hata hivyo, kuidhinishwa kwa kawaida hakufuti deni lililotangulia. Baadhi ya fomu huteuliwa kukaguliwa kabla ya Novemba 15, na mzazi asiyejibu barua ya ukaguzi kwa kutuma stakabadhi za mshahara huondolewa mpangoni hata kama alisema kweli.

Kibali hudumu mwaka mzima wa masomo na hadi siku 30 za kwanza za shule za mwaka unaofuata. Siku hizo zikipita bila fomu mpya, mtoto hurudi kwenye bei kamili, na mara nyingi mzazi hung'amua hayo barua ya deni inapowasili.