Sendwe hakuwa daktari: namna mlango wa udaktari ulifunguka kwetu



Kila mwaka matokeo ya Exetat yakitoka, wadogo zetu wanaanza kuniandikia, na swali ni lilelile: "Yaya, niko na 61, ninaweza kusoma udaktari?" Mwingine amepata 54 na amekwisha kujiambia kichwa chake ni kidogo. Mwingine amepata 78 na anatembea katika kartye sawa vile daktari aliyekwisha kula kiapo. Hawa wote wanaamini kitu kimoja: kwamba mlango wa fakulte unapima akili, na mwenye anabaki inje, ni juu akili yake haikutosha.

Historia yetu haikubali maneno hayo. Ninaomba muniazime dakika chache, kisha tuzungumze juu ya dosye.

Tuanze na jina lenye watu wa Lubumbashi wanalitaja kila siku bila kulifikiri: Hospitali Sendwe. Wanafunzi wa udaktari wa UNILU wanapita mule kwa staji, wamama wanazalia mule, ajali za barabarani zinapelekwa mule. Wakati wa staji yangu niliuliza wenzangu, Sendwe alikuwa nani? Wengi walijibu bila kusita: daktari wa zamani.

Jason Sendwe hakuwa daktari. Alizaliwa mwaka 1917 katika Katanga, akafanya kazi ya asistan medikali, maana yake msaidizi wa daktari. Baadaye akaingia siasa, akaongoza chama cha Balubakat, akawa naibu waziri mkuu katika serikali ya Adoula, na mwaka 1964 akauawa kule Albertville, njo Kalemie ya leo. Mtu huyo aliweza kuongoza maelfu ya watu. Lakini wakati wa ujana wake hakukuwa hata shule moja katika nchi hii yenye ingemfanya mwana wa Kongo kuwa daktari. Hospitali kubwa inabeba jina la mtu mwenye mlango ule haukumfungukia.

Juu ya nini haukufunguka? Wakoloni walihitaji mikono. Ugonjwa wa malale uliua watu, migodi na mashamba yalitaka wafanyakazi wenye afya, na madaktari kutoka Ulaya hawakutosha. Kwa hiyo walianza kufundisha wauguzi. Kule Yakusu, karibu na Kisangani, misheni ya Wabaptisti wa Uingereza ilikuwa na daktari Clement Chesterman tangu mwaka 1920, na vijana aliowafundisha walitembea vijiji kwa vijiji na darubini na sindano. Mwaka 1926 Chuo Kikuu cha Louvain kiliunda FOMULAC, kikaanza kazi yake Kisantu. Watu wa Kivu wanaijua kwa sababu ya hospitali ya Katana. Katika miaka ya 1930 zikaja shule za waasistan medikali, Léopoldville na Kisantu.

Uasistan ulikuwa cheo cha juu kabisa chenye Mukongo angepata katika kazi ya afya. Asistan alisoma anatomia, alipima wagonjwa, alitoa dawa, alifanya staji ndefu. Mara nyingi kule ndani alibaki peke yake na wagonjwa. Lakini kwa sheria alikuwa chini ya daktari Mbelgiji, hata kama daktari huyo alifika jana na asistan ana miaka 15 ya kazi.

Hapa kuna jambo ninaomba wadogo zetu walishike. Mlango haukufungwa kwenye fakulte. Ulifungwa mbali sana mbele ya fakulte, kwenye shule ya sekondari. Shule za msingi zilikuwa nyingi, lakini kisha pale kijana alipelekwa kuwa mwalimu, karani, fundi ao muuguzi. Mwenye alitaka masomo marefu aliingia seminari. Sekondari za kweli zenye kutayarisha mtoto wa Kongo kwa chuo kikuu zilianza kupangwa kwa upana kisha mageuzi ya mwaka 1948. Bila sekondari hiyo, hata ungekuwa na akili ya ajabu, hakuna auditwari ingekupokea. Thomas Kanza alipoingia Chuo Kikuu cha Louvain mwaka 1952, Ubelgiji ilikuwa imetawala Kongo kwa zaidi ya miaka 40.

Mwaka 1954 Lovanium ikafungua milango juu ya kilima, pembeni ya Léopoldville, pamoja na fakulte ya udaktari. Wanafunzi wengi walihitaji kwanza mwaka wa matayarisho, juu sekondari walizotoka hazikuwapa yote. Mwaka 1956 chuo cha pili kikafunguliwa Elisabethville, yaani Lubumbashi yetu. Fanya hesabu sasa: udaktari ulikuwa miaka 7. Mwenye aliingia 1954 hangeweza kumaliza mbele ya 1961. Uhuru ulifika tarehe 30 mwezi wa sita 1960. Siku ile, nchi nzima haikuwa na daktari hata mmoja Mukongo mwenye alitoka katika fakulte zake. Wenye diploma za chuo kikuu, masomo yote pamoja, hawakufika 30.

Siku tano kisha uhuru, askari wa Force Publique waliasi, na Wabelgiji wengi wakakimbia, madaktari pia. Hospitali zikabaki mikononi mwa wauguzi na waasistan. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilituma madaktari wa mataifa mengine kuziba mapengo. Kisha likafanya kitu kingine: likachukua makumi ya waasistan medikali na kuwapeleka Ufaransa na bursa, wamalizie masomo ya udaktari.

Fikirieni watu hao. Wengi walikuwa baba wa familia. Walikuwa wameambiwa maisha yao yote kwamba hapo walipofika njo mwisho wa kipimo chao. Wakakaa tena kwenye benchi pamoja na vijana Wafaransa. Kisha karibu miaka 3 walianza kurudi Kongo, wakiwa madaktari kamili. Kichwa kilikuwa kilekile cha mwaka 1959. Kilichobadilika ni kwamba mtu fulani alifungua mlango, akalipa nauli na chakula.

Kwangu mimi huo ndio ushahidi mkubwa katika historia yote hii. Miaka mingi watu walisema Mukongo hajafikia udaktari. Miaka 3 ilitosha kuonyesha ni nini kilikosekana.

Kwa wale wa kizazi cha kwanza cha fakulte zetu, mfano wa wazi ni Profesa Jean-Jacques Muyembe. Aliingia Lovanium mwaka 1962, akatoka daktari mwaka 1969, akaendelea Louvain hadi 1973, akarudi. Mwaka 1976 alitumwa Yambuku, kule Equateur, kwenye ugonjwa wenye hakuna mtu aliujua jina. Alichukua damu ya wagonjwa bila ganti. Ugonjwa ule ulikuja kuitwa Ebola. Kati ya mwaka wenye Kongo haikuwa na daktari wake na siku ile ya Yambuku, kuna miaka 16 tu.

Lakini musifikiri kwamba kisha uhuru mlango ulibaki wazi kwa kila mtu. Tangu mwaka 1967 tuko na mtihani wa Leta, uleule kwa mtoto wa Goma na mtoto wa Matadi. Ni jambo jema: karatasi moja, kipimo kimoja. Mwaka 1971 Mobutu akaunganisha vyuo vyote kuwa UNAZA, chuo kikuu kimoja cha taifa chenye kampasi Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani. Mtoto wa Bukavu mwenye alitaka udaktari hakuwa na fakulte karibu na nyumbani kwao.

Mumoja wa watoto hao alikuwa Denis Mukwege. Alipata diploma yake katika biokimia, Institut Bwindi, Bukavu, mwaka 1974. Kisha hapo alipitisha miaka miwili Kinshasa, katika fakulte ya politekniki. Ndiyo, uhandisi! Mwaka 1976 akavuka mpaka, akaandikishwa katika udaktari kwenye Chuo Kikuu cha Burundi, akaanza upya mwaka wa kwanza. Alimaliza 1983, akafanya kazi Lemera, akaenda Angers kusomea magonjwa ya wanawake, na mwaka 1999 akaanzisha Hospitali ya Panzi. Nobeli ya Amani alipewa 2018. Kama angehesabu miaka ile miwili kuwa alama ya kushindwa na kurudi nyumbani, wamama wangapi wangebaki bila msaada?

Kuanzia 1989 mambo yakageuka tena. Leta iliruhusu vyuo vya kanisa na vya watu binafsi. Bukavu ikapata Chuo Kikuu cha Kikatoliki, Butembo ikapata Graben, na leo fakulte za udaktari ziko karibu katika kila muji mukubwa. Kwa mara ya kwanza katika historia yetu, kupata nafasi ya kuandikishwa si shida kubwa. Lakini mlango umepata mlinzi mwingine, na jina lake ni feza: mineravali, sillabusi, blusi, nyumba ya kupanga, staji, kwa miaka mingi mfululizo. Mwanafunzi anafukuzwa kwenye auditwari siku ya mtihani juu ya kipande cha mineravali, na mwaka wake unakufa. Nimeona hivyo kwa mwenzangu mwenye alinizidi katika kila kosi. Leo anauza dawa katika duka la mtu mwingine.

Kwa hiyo, mdogo wangu mwenye 61, ao 54, ao 78, jibu langu ni hili.

Kwanza, angalia mlango wako ulifungwa wapi. Kama ulisoma kemia miaka miwili bila mwalimu, asilimia yako inasema pia habari za shule yako. Lakini kujua hivyo hakukusaidii kama hauzibi pengo. Fizikia, kemia na biolojia za mwaka wa kwanza hazingojei mtu, na mule njo wengi wanaanguka. Wanafunzi wa kwanza wa Lovanium walichukua mwaka mzima kujitayarisha, na hawakuona haya. Hata wewe, miezi kati ya Exetat na mwanzo wa masomo ni yako. Rudilia vitabu vya miaka miwili ya mwisho, na Kifaransa pia, juu kosi zote zinatolewa katika lugha hiyo.

Pili, tayarisha dosye mbele ya watu kuanza kukimbia: bulletini za miaka ya mwisho, ushahidi wa Exetat, cheti cha kuzaliwa, cheti cha afya, picha. Uliza kama fakulte inafanya konkuru ya kuingia, na tarehe yake. Vyuo havifanani.

Tatu, mbele ya kutoa hata franga moja, uliza maswali mawili: chuo hiki kinatambuliwa na Leta? Na wanafunzi wanafanyia staji wapi? Udaktari haufundishwi kwenye ubao peke yake. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu kinafanya kazi na hospitali ya mkoa, UEA iko na Panzi, Kinshasa iko na kliniki zake za chuo. Chuo chenye kinakuonyesha jengo zuri lakini hakikuonyeshi vitanda vya wagonjwa, kiogope. Bila diploma yenye kutambuliwa, Orodre ya Madaktari haitakuandika, na miaka yako yote itabaki kuwa hadithi.

Nne, ukae na familia muhesabu feza za miaka yote, si za mwaka wa kwanza tu. Hesabu hiyo inaumiza, lakini inaumiza kidogo kuliko kuachia katikati.

Na sisi wenye tumekwisha kumaliza? Waasistan wa mwaka 1960 hawakujifungulia mlango peke yao; kulikuwa bursa. Sisi hatuna feza za OMS, lakini tuko na kotizasyo yetu ya kila mwezi, tuko na sillabusi zinazoliwa na panya katika makartoni, na tuko na siku za posho mchana. Ninaomba katika mkutano ujao tuzungumze mambo mawili: mafunzo ya kemia na fizikia kwa mafinalisti wenye wanataka udaktari, na kisanduku kidogo cha kukopesha mineravali wakati wa mitihani, ili mtu asipoteze mwaka juu ya kiasi chenye sisi kumi tungeweza kuchanga siku moja.

Mwenye ana sillabusi ya kemia ya mwaka wa kwanza, hata kama jalada limepasuka, ailete.