Kofia ya Babu na Fundi wa Petta

  Kipindi cha leo ni cha historia, na nitaianza na kofia moja.

Nilikuwa na miaka saba tulipovuka mpaka pale Malaba, Januari 2008. Kenya ilikuwa imepiga kura Desemba 2007, matokeo yakapingwa, nyumba zikachomwa. Sisi tulitoka upande wa Eldoret. Babu alitoka na vitu viwili tu: kitambulisho chake na kofia nyeusi ya felti, ile ya ukingo na utepe ambayo umewaona nayo wazee wengi wa Kenya kanisani na barazani. Tukapelekwa kambi ya muda ya Mulanda, wilaya ya Tororo.

Mvua zilipoanza, hema letu likavuja. Kofia ikalowa, mtoto akaikalia, ikakauka ikiwa imejikunja kama jani la mgomba. Tangu siku hiyo babu hakutoka nje. Siku ya mgao alimtuma mama. Kwake yeye, mzee kusimama kwenye foleni kichwa wazi, mbele ya watoto wa rika la wajukuu zake, haikuwezekana. Mimi nilimwambia aitupe, atapata nyingine. Hakunijibu.

Palikuwa na mama mmoja kutoka Petta, si mbali na Mulanda, aliyekuja kuuza vikapu na kofia za ukindu. Aliiona ile kofia imening'inia kwenye mti wa hema, akaishika, akaigeuza. Akasema, "Mzee, hii haijaharibika. Imelala tu."

Kabla sijakueleza alichofanya, kwanza ujue felti ni nini. Felti haifumwi. Haina uzi wa kwenda wala wa kurudi kama shuka. Ni manyoya ya kondoo au ya sungura yaliyotiwa maji moto na kukandamizwa mpaka yakashikana. Kila unywele una magamba madogo sana, na joto, maji na msukumo huyafanya yang'ang'aniane yasiachane. Kwa hiyo mvuke ukiipata tena, felti hulainika, na unaweza kuirudishia umbo lake.

Yule mama alipiga vumbi kwa brashi kavu. Akachemsha birika, akaipitisha kofia juu ya mvuke, si ndani ya maji, huku akiinyoosha kwa vidole kidogo kidogo. Halafu akaivisha kibuyu kilicholingana na kichwa cha babu, akafunga kamba pale ukingo unapoanzia, akaiacha ilale hivyo usiku mzima. Asubuhi akashonea utepe mpya. Siku ya mgao iliyofuata, babu alikwenda mwenyewe.

Msomaji, miaka mingi baadaye nilijiuliza: kofia hizi zilifikaje kwetu? Nikagundua kwamba karibu kila kofia tunayoijua ina safari ndefu.

Si kwamba wazee wetu walikuwa kichwa wazi. Waluo, ambao Wapadhola wa Tororo ni ndugu zao wa lugha, walikuwa na mapambo ya kichwa ya shanga na ya manyoya ya mbuni. Tazama picha za Jaramogi Oginga Odinga, makamu wa kwanza wa rais wa Kenya, na utamwona na kofia yake ya shanga. Haikuwa urembo mtupu. Kofia ilisema huyu ni mtu wa kusikilizwa.

Kisha likaja jeshi. Mwaka 1902 Waingereza waliunganisha vikosi vyao vya Kenya, Uganda na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, wakaviita King's African Rifles, yaani Keya. Askari wake walivaa tarbushi, na tarbushi nayo ni felti. Nyingi za dunia hii zilitengenezwa mbali sana na Uislamu na mbali sana na Afrika: katika mji wa Strakonice, nchi ambayo sasa ni Cheki. Na huko Uturuki, zilikovaliwa sana, serikali ya Atatürk ilizipiga marufuku mwaka 1925. Kofia ikakatazwa kwao, huku kwetu askari wakiendelea kuivaa.

Masetla na reli wakaleta kofia za ukingo. Reli ilipita Tororo ikafika Kampala mwaka 1931, na bidhaa za dukani zikasafiri nayo. Jina pama, ambalo watu wengi hulitumia kwa kofia ya ukingo, linakumbusha Panama. Lakini kofia ya Panama haitoki Panama! Hufumwa kwa mkono nchini Ecuador, kwa nyuzi za mmea uitwao toquilla. Ilipata jina hilo kwa sababu iliuzwa sana kupitia Panama. Mwaka 2012 UNESCO iliuandika ufundi huo wa Ecuador katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu.

Sasa rudi Petta. Kofia za yule mama zilikuwa ndugu wa pama, ila malighafi yake ni ya kwetu. Ukindu hukatwa ukiwa mchanga, hukaushwa juani, huchanwa, husukwa kuwa ukili mrefu, kisha ukili huzungushwa na kushonwa kuanzia utosini kushuka. Ukikatika mahali, hukati tamaa. Unalowesha kidogo, unafumua kipande kibovu, unaunga kipya. Usiukunje ukiwa mkavu, utavunjika.

Labda utasema, kwa mkimbizi kofia ni jambo dogo. Basi wakumbuke watu wa Barawa, mji wa pwani ya kusini ya Somalia, wasemao Chimiini, ndugu wa Kiswahili. Vita vya 1991 viliwatoa kwao, wengi wakapanda majahazi mpaka Mombasa, wakakaa kambini. Kofia za Barawa za kushona kwa mkono zina sifa tangu zamani. Kofia ya namna hiyo huhitaji kitambaa, sindano, uzi na subira ya wiki nyingi: kipande cha duara cha juu, ukanda wa pembeni, na maua yanayojazwa mshono mmoja mmoja. Nyumba hubaki nyuma, duka hubaki nyuma, lakini ufundi huvuka mpaka bila kukaguliwa.

Mwisho wa 2008 tulihamishiwa Kiryandongo. Babu alifariki huko, na kofia ninayo mimi. Yule mama wa Petta sikumwona tena. Linaloniuma si kofia. Linaloniuma ni kwamba nilikaa karibu naye siku nzima, nikacheza na kifuniko cha birika, nisimwulize hata jinsi ya kuanza ukili. Leo mitumba ni rahisi, kofia ya pili inapatikana sokoni, na kijana haoni haja ya kujifunza.

Basi nakuomba jambo moja wiki hii. Katika mtaa wako wa kambi yumo mtu anayejua kusuka, kushona au kunyoosha kofia. Mtafute. Mpelekee kofia ya mzee wako, hata kama imejikunja. Akianza kazi, usiondoke. Kaa, tazama mikono yake, kisha umwombe nawe ujaribu.