Maharamia, Machozi na Historia ya Pemba

Hadithi ya Waswahili haikuwa kamwe kazi ya mdomo mmoja. Msimulizi husema "Paukwa", wasikizaji wakajibu "Pakawa", na pasipo jibu hilo hadithi haianzi. Desturi hiyo yafaa kukumbukwa kila yanapozungumzwa mapokezi ya hadithi ngeni. Kulia na kushangaa mbele ya hadithi ni namna ya kuitikia, na mwitikiaji huitikia kwa kile kilichomo moyoni mwake na katika nchi yake.

Ole ni mahali pa ndani katika kisiwa cha Pemba, kati ya Chake Chake na Wete, katika nchi ya mikarafuu. Hadithi za mbali huingia huko siku hizi kwa simu ya mkononi, kama ziingiavyo kila mahali. Mojawapo ni hadithi ndefu ya maharamia iitwayo One Piece, ambayo Eiichiro Oda alianza kuichapisha nchini Japani mwaka 1997. Tangu mwaka 1999 imekuwa ikioneshwa katika televisheni kwa michoro inayotembea, na sehemu zake zimekwisha kupita 1,100. Aliyeanza kuitazama akiwa mtoto huenda sasa ana watoto wake, na mwisho bado haujafika.

Katika sehemu zilizotolewa mwaka 2006 palifunuliwa siri ya mwanamke mmoja aitwaye Robin. Alizaliwa katika kisiwa cha wanazuoni, Ohara, ambako chini ya mti mkubwa palikuwa na hazina ya vitabu vya dunia. Wanazuoni hao walijifunza kusoma mawe ya kale ambayo Serikali ya Dunia iliharimisha yasisomwe, kwa kuwa yalibeba habari za miaka mia iliyofutwa katika historia. Mkubwa wao alipigwa risasi alipokuwa karibu kulitaja jina la dola iliyosahauliwa. Kisha zikaja manowari, zikakipiga kisiwa mizinga mpaka kikateketea. Wanazuoni hawakukimbia. Walitumia muda wao wa mwisho kuvitupa vitabu ziwani ili visiungue. Robin aliokoka akiwa na umri wa miaka minane, akatangazwa kuwa mhalifu, akaishi miaka ishirini bila ya mahali pa kuegemea. Alipokamatwa alikwisha kukata tamaa, hata akawakataza wenzake wasimwokoe. Nao wakaichoma moto bendera ya Serikali mbele ya macho yake, wakamtaka aseme analolitaka. Akalia, akasema kuwa anataka kuishi.

Watazamaji wengi duniani wamelia hapo, wala hapana ajabu. Lakini mtu wa pwani ya Afrika Mashariki ana sababu ya kulia ambayo si ya kila mtu. Habari ya manowari zinazoukaribia mji wenye vitabu si ndoto kwake, bali ni sura ya historia yake.

Katika mwaka 1503 Ruy Lourenço Ravasco alifika katika maji ya Unguja na jahazi moja lenye mizinga, akateka vyombo vya wenyeji kiasi cha ishirini, kisha akamlazimisha mtawala wa kisiwa kutoa kodi ya miskali 100 za dhahabu kila mwaka. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliingia Kilwa, akauteka mji ukaporwa. Kisha akaenda Mombasa, nao ukaporwa na kutiwa moto. Watu hao hawakuandikwa kuwa maharamia katika vitabu vya kwao. Waliandikwa kuwa manahodha wa mfalme na watumishi wa dini. Zaidi ya miaka themanini baadaye Mir Ali Bey, Mturuki, alikuja pwani na vyombo vichache, na miji kadhaa iliyochoshwa na kodi ya Wareno ikampokea. Alitekwa Mombasa mwaka 1589, akapelekwa Ureno. Katika vitabu vya Wareno huyu ndiye haramia.

Neno haramia, basi, halielezi tu tendo la mtu baharini. Laeleza pia ni nani aliyeshika kalamu baada ya vita. Hilo ndilo fundisho la kwanza ambalo hadithi ya Wajapani na historia ya pwani hukubaliana. Robin aliitwa mtoto wa shetani kwa kosa la kujua kusoma, na waliomwita hivyo walikuwa ndio waliokichoma kisiwa.

Fundisho la pili ni gumu zaidi. Kilwa ilikuwa na habari zake zilizoandikwa, na habari hizo hazikupotea zote. Njia ya kwanza iliyozihifadhi ilikuwa kitabu cha Mreno, João de Barros, aliyetoa sehemu ya kwanza ya tarehe yake ya Asia huko Lisbon mwaka 1552, akatia ndani yake muhtasari wa habari za wafalme wa Kilwa. Njia ya pili ni kitabu cha Kiarabu, Kitab al-Sulwa, ambacho nakala yake iliandikwa Unguja mwaka 1877, ikapelekwa Uingereza, na S. Arthur Strong akaichapisha mwaka 1895. Mwandishi wa kitabu hicho aliahidi milango kumi. Nakala iliyobaki inakoma katika mlango wa saba. Hivyo watu wa Kilwa hujua nasaba ya wafalme wao kwa hisani ya nakala pungufu iliyo ng'ambo, na ya kitabu cha taifa lile lile lililoupora mji wao. Aliyebomoa nyumba ndiye aliyehifadhi sehemu ya ramani yake. Jambo hili lauma, lakini ni kweli, na mwanachuoni hana ruhusa ya kuitupa kweli kwa sababu mikono iliyoileta haikuwa safi.

Pemba yenyewe ilikuwa na siri yake ardhini. Katika mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, upande wa Wete, palionekana hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu. Hapana haramia aliyeizika, wala ramani iliyoelekeza kwake. Sarafu zile za fedha ni ndogo na nyepesi. Upande mmoja una jina la mtawala, upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande mbili hizo hupatana kwa vina kama mistari ya shairi. Miongoni mwa majina yake limo la Ali bin al-Hasan, ambalo wanahistoria wengi hulinasibisha na mwanzilishi wa nasaba ya Kilwa anayetajwa katika vitabu. Neville Chittick alikuwa amemweka mtu huyo karibu na mwaka 1200. Dinari za Mtambwe, zilizopigwa katika dola ya Mafatimi na kubeba tarehe zake, zilionesha kuwa jina hilo lilikwisha kupigwa katika fedha kabla ya mwisho wa karne ya 11. Miaka zaidi ya mia ikasogezwa kwa kilichokuwa kimelala mchangani, mwendo usio mrefu kutoka Ole.

Kwa hiyo hadithi ya miaka mia iliyofutwa haiwi ngeni kwa kijana wa Pemba. Lakini hapa ndipo hadithi na historia zinapoachana, na mwanafunzi asiyeuona mgawanyiko huo atakuwa amelia bure. Katika hadithi adui ni mmoja, naye ana bendera inayoweza kuchomwa. Katika historia maadui ni wengi, na baadhi yao hutoka nyumbani. Wapemba wenyewe husimulia juu ya Mkama Ndume wa Pujini, mtawala wao wenyewe, aliyewafanyisha watu kazi ya kubeba mawe huku wakijikokota kwa makalio. Jina lenyewe ni shitaka, maana ni jina la mwenye kuwakama wanaume. Hakuhitajiwa Mreno ili jeuri iwepo.

Tena si kila kitabu huangamia kwa mzinga. Katika nyumba za pwani zimo hati za Kiarabu na za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: tenzi, nasaba, tiba, mirathi, barua. Mchwa huzila, mvua huzitia ukungu, na mrithi asiyejua kuzisoma huziona kuwa karatasi chakavu. Hapo Ohara huungua pole pole bila ya moshi, wala hapana wa kulia kwa kuwa hapana aliyeona moto. Hifadhi ya Nyaraka ya Zanzibar, iliyoko Kilimani, Unguja, imetunza mengi, lakini hifadhi haiwezi kutunza kisichofikishwa kwake, wala haiwezi kumsomea mtu herufi ambazo hakutaka kujifunza.

Baadaye sana hadithi ya Oda ilifunua kuwa vitabu vilivyotupwa ziwani havikuoza. Majitu ya nchi ya mbali yalikuja kuviopoa na kuvichukua kwao. Watazamaji walifurahi, na furaha yao ni ya haki. Nakala ya Kilwa nayo iliopolewa hivyo na kupelekwa mbali. Lakini furaha hiyo ina deni ndani yake. Kitabu kilichookolewa na mgeni husubiri mwenyewe aende akakisome. Asipokwenda, kuokolewa kwake na kuungua kwake ni mamoja.

Machozi ya mtazamaji wa Ole, basi, yasidharauliwe na walimu kuwa ni upuuzi wa vijana. Ni "Pakawa" ya zama hizi, itikio la mtu aliyetambua msiba wake katika kisa cha wengine. Kazi ya chuo ni kumwonesha kuwa mawe yale yasiyosomwa yako na kwao pia: Mtambwe, Pujini, Ras Mkumbuu, na ndani ya sanduku la babu yake. Sanduku hilo halina mlinzi mwenye bunduki. Linamngoja mtu wa kulifungua kabla ya masika mengine.