Baruti, Fataki na Kilipuzi

Neno baruti ni la zamani katika Kiswahili. Kitu kilichoitwa hivyo kilikuwa kimoja tu: unga mweusi wa shura, salfa na makaa, uliotiwa katika gobori na mzinga. Unga huo huungua upesi, na ukifungiwa ndani ya chombo gesi yake husukuma risasi. Kwa hiyo neno moja lilitosha.

Shida ilianza Italia mwaka 1847, Ascanio Sobrero alipotengeneza nitrogliserini mjini Turin. Kimiminiko hicho hakikuwa baruti iliyozidi ukali. Katika unga mweusi moto hupita kutoka chembe hadi chembe. Katika nitrogliserini kinachopita ni wimbi la mgandamizo, lenye mwendo unaoushinda ule wa sauti ndani ya kitu chenyewe. Tofauti hii ni ya jinsi, si ya kadiri. Ndiyo maana tafsiri “baruti kali”, ambayo wengi wetu tumeizoea, hatuiridhii: “kali” hutaja kadiri tu.

Mwaka 1864 karakana ya akina Nobel mjini Stockholm ililipuka, akafa Emil, mdogo wake Alfred. Mwaka 1867 Alfred alipata hataza ya dinamiti, yaani nitrogliserini iliyonywewa na udongo mkavu. Watu humsifu kwa hiyo. Sisi twaona kwamba uvumbuzi wake mwingine ndio unaomhusu mfasiri zaidi: kile kifuko kidogo cha shaba chenye chumvi ya zebaki, kilichokusudiwa kuamsha kilipuzi kikubwa. Basi pana aina mbili za vilipuzi vya namna hii: chepesi kuamka, ambacho cheche au pigo dogo hukitosha, na kizito, ambacho hulala mpaka kiamshwe. T.N.T. ni ya aina ya pili. Julius Wilbrand aliitengeneza mwaka 1863, ikatumiwa kama rangi ya manjano, na kwa miaka mingi haikushukiwa. Huyeyuka kwenye nyuzi 80 hivi za sentigredi bila kulipuka. Lakini ikiamshwa, wimbi lake hukimbia karibu mita 7,000 kwa sekunde.

Wachimbaji wa madini wa Tanzania wameshatatua sehemu ya shida hii wenyewe. Husema “baruti na fataki”, fataki ikiwa ndiyo yenye kuamsha. Neno ni zuri, ila lina pacha: fataki ni pia zile za sikukuu. Tangazo lisemalo “Usiokote fataki”, likibandikwa karibu na machimbo, mtoto huweza kulisoma akiwaza mchezo, na kifuko hicho kidogo chatosha kumkata vidole.

Kwa hiyo twapendekeza “kilipuzi” liwe jina la jumla, “baruti nyeusi” libaki kwa ule unga wa kale, na matangazo ya hatari yaseme “fataki ya kulipulia”, pamoja na picha yake. “Kiamshi” tumelifikiria pia. Lakini mchimbaji halijui, na tangazo huandikwa kwa ajili yake.