Timu ya Datsun na dereva kutoka Kampala

Datsun, timu ya kiwanda cha Nissan cha Japani, ilitamba katika Safari Rally, mbio zilizoanza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Edgar Herrmann aliipatia ushindi mwaka 1970 na 1971.

Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, alihamia Kenya mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia. Mwaka 1973 alishinda kwa Datsun 240Z, kisha akashinda mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Alifariki mwaka 2006.

Kwa kiwanda, ushindi huo ulikuwa tangazo la biashara: gari lililohimili vumbi, mawe na matope ya Afrika Mashariki lilijiuza lenyewe. Uganda ilimkosa dereva huyo. Kenya ikampata bingwa wa mara 5.